Nimnyime ndizi, nimpe vidonge vya Muscat?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mume wangu ana miaka 54, ni fundi magari. Alianza kuamka na kichwa kinamuuma, kufika saa nne kinatulia, tukadhani ni presha. Baadaye akawa anasahau majina ya wateja wake wa siku zote. Halafu siku moja akaanguka gereji, akakakamaa na kutoa povu. Wako waliosema kapandisha mashetani, wako waliosema karogwa na mwenzake wa kazi. Tulipofika Dar akapigwa picha ya kichwa, akafanyiwa upasuaji, na kipande cha nyama kilipopimwa majibu yakaja kuwa ni glioblastoma, saratani kali ya ubongo, daraja la 4.

Amemaliza mionzi. Sasa anameza vidonge vya temozolomaidi siku tano kila mwezi, pamoja na deksamethasoni, dawa ya kifafa na dawa ya kuzuia kutapika. Vidonge vya saratani ni ghali, tumeuza pikipiki.

Shida imeanzia kwa shemeji yangu aliyeko Muscat. Alitutumia makala ya Kiingereza, kijana wangu wa kidato cha tatu akatusomea. Inasema dawa za kuziba potasiamu zinazuia uvimbe wa ubongo kukua. Mama mkwe alipolisikia neno potasiamu akauliza huku na huku, akaambiwa imejaa kwenye ndizi. Tangu hapo mume wangu hapewi ndizi, madafu, mchicha, viazi wala maharage. Anakunywa uji mweupe na chai, na kidogo anachokula wakati mwingine anakitapika. Suruali zake anazifunga kwa kamba.

Wiki iliyopita shemeji kampa mgeni boksi la vidonge aniletee. Limeandikwa fampridine, miligramu 10. Anasema ndizo zenyewe, za kuziba potasiamu, na kwamba hata Daonil za sukari anazomeza mama mkwe zinafanya kazi hiyohiyo, nimchanganyie. Mimi nimeogopa, nimezificha kabatini. Wifi yangu kajua. Juzi mbele ya watu alisema ninangoja kaka yake afe nibaki na nyumba.

Daktari, habari hii ni ya kweli au ni ya mtandaoni tu? Nimpe hivyo vidonge? Na chakula nifanyeje? Kumwuliza daktari wa Dar naogopa atanicheka.

Mama Watatu, Tanga

*

Marahaba dada yangu, na pole kwa yote, hasa hilo neno la wifi. Kwanza ujue anayekujibu: mimi ni mfamasia, si daktari wa uvimbe wa ubongo. Ninazijua dawa na jinsi zinavyogombana ndani ya mwili. Mambo ya mume wako mwenyewe atayaamua daktari anayemtibu, na nitakuambia ya kumpelekea.

Nianze na chakula, maana ndicho kisichosubiri. Mrudishie ndizi leo.

Potasiamu ya kwenye ndizi ni madini. Makala ya shemeji yako inazungumzia kitu kingine: milango ya potasiamu, yaani vijitundu vya protini vilivyo kwenye utando wa kila seli, vinavyofunguka na kujifunga ili madini hayo yapite. Dawa zinazotajwa huziba mlango tu, madini yenyewe haziyapunguzi. Ndani ya seli kuna potasiamu karibu milimoli 140 kwa lita, kwenye damu ni 3.5 hadi 5, na mafigo yanalinda kiwango hicho usiku na mchana. Ukimnyima mtu ndizi mwezi mzima uvimbe hautajua. Moyo wake na misuli yake ndivyo vitakavyojua.

Kwa mume wako hatari ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine. Deksamethasoni inaweza kumfanya apoteze potasiamu kwenye mkojo, na kutapika kunapunguza zaidi. Sasa umwekee juu yake uji mweupe na chai! Potasiamu ikishuka sana mtu analegea, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kinyume chake pia kipo. Wagonjwa wanaotumia temozolomaidi mara nyingi hupewa Septrin ya kukinga mapafu, na Septrin inaweza kuipandisha potasiamu. Ndiyo maana jambo hili halikisiwi jikoni, linapimwa kwenye damu. Kipimo hicho kipo katika hospitali nyingi za mkoa. Kama daktari hajawahi kukwambia kwamba mafigo ya mume wako yana shida au potasiamu yake iko juu, hakuna sababu ya kumnyima mchicha wala maharage.

Ila sukari itazame. Deksamethasoni huipandisha hata kwa mtu ambaye hakuwa na kisukari. Kwa kuwa mama mkwe wako anatumia Daonil, huenda mna kipima sukari hapo nyumbani. Mpimeni asubuhi na jioni, mwandike. Zikija namba za juu, madafu na juisi mtavipunguza kwa sababu ya sukari, na daktari ataamua dawa.

Nije kwenye boksi la Muscat. Usimpe hata kimoja.

Fampridine ni kemikali iitwayo 4-aminopiridini. Ni kweli inaziba milango ya potasiamu, shemeji yako hakudanganya. Mwaka 2010 Marekani iliiruhusu itumike kwa wagonjwa wa multiple sclerosis, ugonjwa wa neva unaowadhoofisha miguu, ili waweze kutembea vizuri zaidi. Lakini maelezo yake yanakataza kabisa kumpa mtu aliyewahi kupata kifafa, kwa kuwa dawa yenyewe inaweza kuleta kifafa. Mume wako alianguka gereji akatoa povu. Hapo mjadala umekwisha. Kemikali hiyohiyo huko Marekani hutumika pia kama sumu ya kufukuzia ndege waharibifu: ndege aliyeila anatapatapa, wenzake wanaona na kuruka zao.

Kwa nini basi ikatajwa kwenye habari za uvimbe wa ubongo? Kwa sababu katika miaka ya 1990 watafiti waliziweka seli za uvimbe mkali wa ubongo kwenye sahani ya maabara, wakazimwagia 4-aminopiridini, na seli zikafa. Matokeo hayo ni halali. Ila kwenye sahani unaweza kumwaga dawa kwa wingi uupendao. Kiwango cha aina hiyo ni maelfu ya mara ya kile kinachoingia kwenye damu ya anayemeza miligramu 10. Kabla dozi haijaufikia uvimbe kwa wingi huo, mgonjwa atakuwa ameshadhurika vibaya.

Daonil, yaani glibenklamaidi, inaziba mlango mwingine kabisa. Uko kwenye kongosho, na ukizibwa kongosho linatoa insulini, sukari inashuka. Kwa mama mkwe mwenye kisukari hiyo ni tiba. Kwa mtu anayeshindia uji mwepesi na kutapika, sukari inaweza kuporomoka usiku akiwa amelala, na ubongo bila sukari huanza kukakamaa au kuzimia. Mtadhani uvimbe umerudi, kumbe ni kidonge. Dawa za mama mkwe zibaki kwenye mkoba wa mama mkwe.

Sasa swali lako la kwanza, kama habari yenyewe ni ya kweli. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wewe na kijana wako mmesoma kitu chenye msingi na sipendi watu wajibiwe kwa kupuuzwa.

Seli yoyote inayotaka kugawanyika hubadilisha umeme wa utando wake na ukubwa wa mwili wake, na milango ya potasiamu inahusika na yote mawili. Umbo la mlango huo lilijulikana vizuri mwaka 1998 kwa kazi ya Roderick MacKinnon, naye akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Kwa seli za glioblastoma kuna la ziada. Seli hizi hazikai mahali pamoja, zinatambaa kati ya seli nzima za ubongo, na ndiyo sababu daktari wa upasuaji hawezi kuzitoa zote hata awe hodari vipi. Harald Sontheimer na wenzake walionyesha namna zinavyopenya: zinatoa potasiamu na kloridi nje, maji yanafuata, seli inasinyaa na kupita kwenye upenyo. Ukiufunga mlango wa potasiamu, kusinyaa kunakuwa kugumu.

Huko Göttingen, Ujerumani, kundi la Luis Pardo na Walter Stühmer lilieleza mwaka 1999 kwamba mlango mmoja, EAG1, ambao kwa kawaida unapatikana zaidi kwenye ubongo, unajitokeza kwenye seli za saratani za sehemu nyingine za mwili. Tangu hapo milango mingi ya ukoo huo imechunguzwa. Mwaka 2015 Xi Huang na watafiti wenzake waliandika kuhusu mlango wa EAG2 katika medulloblastoma, uvimbe wa ubongo unaoshika zaidi watoto. Waliuziba kwa thioridazini, dawa ya zamani ya magonjwa ya akili, uvimbe ukapungua kasi kwa panya, na wakaeleza pia habari ya mgonjwa mmoja aliyepewa. Mgonjwa mmoja, dada. Nayo thioridazini mtengenezaji wake aliiondoa sokoni duniani kote mwaka 2005 kwa kuwa ilivuruga mapigo ya moyo.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Heidelberg, uliotoka mwaka 2023. Waligundua kwamba ndani ya glioblastoma ziko seli chache zinazopiga mdundo wa kalsiamu zenyewe, kama zile seli zinazoongoza mapigo ya moyo, na mdundo huo unasambaa kwenye mtandao wa seli nyingine na kuziamrisha zikue. Mdundo unategemea mlango wa potasiamu uitwao KCa3.1. Walipouziba, uvimbe kwenye panya ulikua polepole na panya waliishi zaidi. Dawa mojawapo waliyoitumia ni senikapoki, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imejaribiwa kwa watu wenye selimundu. Haikupunguza maumivu yao kama ilivyotarajiwa, lakini kwa njia hiyo ilikwisha kumezwa na binadamu na usalama wake ukatazamwa. Mimi nikiulizwa mlango upi una matumaini, nitautaja huo.

Upo pia utafiti wa Wisconsin, Marekani, wa mwaka 2017. Walipitia majalada ya wagonjwa wa glioblastoma ambao walikuwa wamepewa, kwa sababu nyingine kabisa, dawa zinazogusa mlango mwingine wa potasiamu uitwao hERG. Wale ambao uvimbe wao ulikuwa na hERG nyingi na walipata dawa hizo waliishi muda mrefu kidogo. Hiyo ni kutazama nyuma kwenye mafaili. Hakuna aliyegawa wagonjwa makundi mawili na kuwafuatilia tangu mwanzo, kwa hiyo huwezi kujua kama ni dawa iliyosaidia au ni kitu kingine walichokuwa nacho wagonjwa wale.

Na hERG ndiyo inayonifanya niwe mkali kwako kuhusu kuchanganya vidonge. Mlango huo uko kwenye moyo pia. Ndio unaousaidia moyo kutulia baada ya kila pigo ili uwe tayari kwa pigo linalofuata. Dawa ikiuziba kupita kiasi, moyo unaweza kuanza kutetemeka badala ya kupiga, na mtu akafa ghafla. Terfenadini na astemizoli zilikuwa dawa za kawaida za mafua na aleji, zikiuzwa nchi nyingi, mpaka zilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu hiyo. Sasa angalia: kama dawa ya kutapika anayomeza mume wako ni ondansetroni, nayo inaigusa hERG. Kwinini ya malaria nayo inachelewesha moyo kutulia. Mtu mwenye potasiamu ndogo kwa kunyimwa chakula, anayetapika, anayemeza ondansetroni, kisha aongezewe kidonge kingine cha kuziba milango: mchanganyiko huo siutaki hata kuufikiria. Akiugua malaria atibiwe, tena haraka, lakini daktari aambiwe orodha nzima ya dawa kabla hajaandika.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba habari ni ya kweli kama utafiti, na bado si tiba. Sijui kidonge chochote cha kuziba potasiamu kilichothibitishwa kwa wagonjwa wa glioblastoma.

Kilichothibitishwa ni hicho mlichouzia pikipiki. Nimesitasita kukuandikia namba, lakini umeuliza kwa uwazi na unastahili kujibiwa hivyo. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 573. Waliopata mionzi peke yake, nusu yao walivuka miezi 12.1. Waliopata mionzi pamoja na temozolomaidi, nusu yao walivuka miezi 14.6. Tofauti inaonekana ndogo hapo, lakini tazama miaka miwili: waliokuwa hai ni asilimia 10.4 kwa kundi la kwanza na asilimia 26.5 kwa la pili. Wapo wanaokwenda mbali zaidi ya hapo. Kuna kipimo cha kipande cha uvimbe kiitwacho MGMT ambacho husaidia kujua kama temozolomaidi itafanya kazi zaidi au kidogo; muulize daktari kama kilifanyika. Atakayekucheka kwa kuuliza hivyo, kosa ni lake.

Temozolomaidi ameze tumbo likiwa tupu, kapsuli nzima, asiifungue wala kuitafuna. Deksamethasoni isiachwe ghafla hata siku akijisikia mzima, maana mwili ulioizoea unaporomoka. Daktari ndiye anayeipunguza kidogo kidogo. Dawa ya kifafa isirukwe. Akipata homa msingoje asubuhi, kwa kuwa dawa hizi zinashusha kinga, nendeni hospitali. Akianguka kifafa mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na zikipita dakika tano bado anakakamaa, mtafute gari.

Nimalizie na nyumba yako, maana naona ndiyo inayokuumiza kuliko vidonge.

Shemeji yako ana uchungu na yuko mbali, na mtu wa mbali hutaka kutuma kitu. Mpigie simu, usimwandikie. Mwambie: shemeji, tumesoma, ni kweli dawa inaziba hiyo milango, lakini imekatazwa kwa mtu mwenye kifafa, na kaka yako anacho. Kisha mpe kazi. Hiyo pesa ya vidonge aielekeze kwenye temozolomaidi ya mwezi ujao au nauli ya Dar. Kama anapenda kusoma, kuna daftari la wazi la majaribio ya dawa, clinicaltrials.gov, halina malipo. Atafute humo majaribio ya glioblastoma, amtumie daktari, si wewe. Boksi lenyewe lifunge kwenye mfuko, ulipeleke kliniki pamoja na dawa zake zote, hata za kienyeji kama zipo.

Mama mkwe usimwambie kwamba alikosea. Alimzuia mwanawe kula kwa kuogopa kumpoteza. Mwombe ampikie yeye ndizi za nazi zenye samaki, anajua mwanawe anavyozipenda, na ampe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kwa kuwa sahani iliyojaa inamchosha mgonjwa kabla hajaanza.

Wifi ni jambo jingine. Usijibizane naye barazani, na usimtumie jibu langu kupitia kwa watoto. Safari ijayo ya Dar nenda naye. Aingie chumbani kwa daktari, aone boksi likitolewa, aulize yeye mwenyewe kwa mdomo wake kama kaka yake apewe au asipewe.